Visima vya Bariadi vilivyochorwa baharini

Ipo orodha ya vituo vya maji vya vijijini Tanzania ambayo ndani yake kuna visima vya Bariadi vilivyoandikiwa mahali ambapo hapajawahi kuchimbwa kisima. Ukivifuata kwenye ramani kama vilivyorekodiwa, vinakufikisha Ghuba ya Guinea, ndani ya Bahari ya Atlantiki kusini mwa Ghana, pale ikweta inapokatana na mstari wa Greenwich. Hapo latitudo ni sifuri na longitudo ni sifuri.

Orodha hiyo ni ya Wizara ya Maji. Sehemu yake kubwa ilikusanywa kati ya mwaka 2011 na 2013, wakusanyaji walipopita vijijini na vifaa vya GPS wakiandika kila kituo cha kuchotea maji, kila kisima cha pampu ya mkono na kila chemchemi iliyojengewa. Baadaye jukwaa la takwimu la DrivenData liliitumia kwenye shindano la kubashiri ni vituo gani vinafanya kazi na vipi vimekufa. Katika vituo 59,400 ambavyo washindani walipewa pamoja na hali zake, 32,259 vilikuwa vinatoa maji, 4,317 vilikuwa vinatoa maji lakini vinahitaji matengenezo, na 22,824 vilikuwa havitoi kitu. Takwimu hizo peke yake zinatosha kumkosesha usingizi mtu yeyote anayeijua adha ya maji. Lakini kuna jambo jingine ndani yake. Zaidi ya vituo 1,800 kati ya hivyo havina mahali, kwa kuwa longitudo yake imeandikwa sifuri. Vinatoka mikoa ya Mwanza na Shinyanga kwa mipaka ya wakati ule, na Bariadi ni mojawapo ya wilaya zilizoathirika.

Kazi ile ilikuwa kubwa na ya heshima. Kabla yake, mtu aliyeuliza nchi ina vituo vingapi vya maji vijijini alipewa makadirio. Sifuri hizo hazipunguzi heshima ya waliotembea juani kuhesabu mabomba. Zinaonyesha tu mahali ambapo ramani ya takwimu huharibikia, nako ni mapema sana, kabla mchoraji hajafungua kompyuta na kuanza kuchagua rangi.

Kosa la namna hii hutokea kirahisi. Kifaa hakijashika mawimbi ya setelaiti, jua linazama, mkusanyaji anajaza fomu na kuacha nafasi ya mahali ikiwa tupu. Ofisini, anayeingiza fomu kwenye kompyuta anakutana na safu inayodai namba, na programu inaweka sifuri. Kuanzia siku hiyo sifuri inatembea katikati ya namba halali ikionekana kama mojawapo. Mchoraji aliyeko Dodoma au Washington, akiwa ameifunga karatasi yake kwenye mipaka ya Tanzania, hataona kosa lolote, maana Atlantiki haimo kwenye karatasi yake. Atakachokiona ni Bariadi yenye visima vichache kuliko vilivyopo. Atakayepanga bajeti kwa kuiangalia ramani hiyo atasoma moja kati ya mambo mawili, kwamba hapo hapana maji au hapo hapana watu, na yote mawili si kweli.

Katika orodha hiyohiyo, zaidi ya vituo 20,000 vina mwaka wa ujenzi ulioandikwa sifuri, na zaidi ya 20,000 vina idadi ya watumiaji iliyoandikwa sifuri. Atakayechora ramani ya umri wa visima bila kuziondoa kwanza sifuri hizo atapata visima vya miaka elfu mbili. Atakayegawa watu kwa visima atapata maeneo ambayo maji yanamtosheleza kila mtu kwa sababu tu mtu hakuandikwa. Kabla ya kuchora chochote, anayefanya kazi hii kwa uaminifu hutandaza nukta zote kwenye ramani ya dunia nzima, bila mipaka, aone zilizopotea zimeangukia wapi. Ni kazi ya dakika chache.

Umbali wa mita mia tatu

Dutwa ni kata ya Wilaya ya Bariadi mkoani Simiyu, kwenye njia ya kutoka Bariadi mjini kwenda Lamadi. Ni nchi ya Wasukuma, ya pamba na ng'ombe, yenye mbuga za udongo mweusi unaonasa miguu masika na kupasuka nyufa kiangazi. Katika nchi ya aina hii, alama ya kisima kwenye karatasi inabeba uzito ambao mkazi wa mjini mwenye bomba ndani ya nyumba haufikirii mara nyingi.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo kwamba kituo kimoja cha maji kihudumie watu 250, na kaya isitembee zaidi ya mita 400 kukifikia. Mita 400 hizo hupimwa kwenye ramani. Mchoraji huzungushia kila kituo duara lenye nusu kipenyo cha mita 400, kisha huhesabu kaya zilizo ndani na zilizo nje. Zilizo ndani huandikwa kuwa zimehudumiwa.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi wanaotumia ramani za takwimu hawalisikii hata siku moja. Ramani za topografia za skeli ya 1:50,000, zile ambazo vizazi vya wanafunzi wa jiografia wamezikunjua mezani kutafuta mito na vilele, zilichorwa kwa mfumo wa upimaji uitwao Arc 1960. Kifaa cha GPS na simu ya mkononi hutumia mfumo mwingine, WGS84. Mifumo hiyo miwili haikubaliani juu ya umbo la dunia wala kitovu chake, kwa hiyo tarakimu zilezile huashiria mahali pawili tofauti. Kwa ukanda wa Bariadi tofauti hiyo ni takriban mita 300, na sehemu yake kubwa iko upande wa kaskazini na kusini.

Kwenye ramani ya Tanzania nzima inayobandikwa ukutani, mita 300 hazionekani. Kwenye karatasi ya 1:50,000 ni milimita sita. Lakini ukizungusha duara la mita 400 kutoka kwenye kituo kilichohama mita 300, umehamisha huduma kutoka kitongoji kimoja kwenda kingine. Kaya zinazochota maji hapo kila asubuhi zinaandikwa kuwa hazina kituo, na nyingine zisizowahi kukitumia zinaandikwa kuwa nacho. Kila namba kwenye jedwali inaweza kuwa sahihi na ramani bado ikawa ya uongo.

Tanzania imeshaweka mfumo mpya wa rejea wa upimaji, TAREF11, unaokwenda sambamba na vipimo vya setelaiti, na wapimaji wanazijua kanuni za kuhamisha tarakimu kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Tatizo linaanza pale jedwali la halmashauri linapopita mikono kadhaa na mtu mmoja katikati akafuta mstari uliosema tarakimu hizi ni za mfumo gani. Mstari huo una thamani kuliko rangi zote zitakazofuata. Ukikosekana, dawa ni kuchukua nukta mbili tatu ambazo mahali pake hapana ubishi, kama vile shule, zahanati au njia panda ya lami, na kuziweka juu ya picha ya setelaiti uone kama zinakaa pake. Zikisogea zote kwa umbali mmoja kuelekea upande mmoja, umeshajua ugonjwa.

Bariadi haikupoteza watu

Sensa ya mwaka 2002 iliihesabia Wilaya ya Bariadi watu 605,509. Sensa ya 2012 ikaihesabia watu 422,916. Mtu akiziweka namba hizo mbili kwenye ramani ya mabadiliko ya idadi ya watu, Bariadi itawaka rangi ya kutisha: wilaya iliyopoteza karibu theluthi moja ya watu wake ndani ya miaka kumi. Msomaji atajiuliza kama ilikuwa njaa, gonjwa au uhamaji mkubwa.

Hakuna aliyeondoka. Kati ya sensa hizo mbili wilaya iligawanywa na Itilima ikazaliwa, nayo ilihesabiwa watu 313,900. Ukijumlisha Bariadi na Itilima ya 2012 unapata watu 736,816. Eneo lililokuwa Bariadi ya zamani lilikuwa limekua kwa zaidi ya asilimia 21. Mwaka huohuo wa 2012 mkoa wa Simiyu ulianzishwa pamoja na Geita, Katavi na Njombe. Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu zikatoka Shinyanga, na Busega ikatoka upande wa Magu, mkoani Mwanza. Kwa hiyo hata ramani ya mikoa inayolinganisha Shinyanga ya 2002 na Shinyanga ya 2012 itaonyesha anguko ambalo halikutokea.

Nchi yetu imegawa mikoa, wilaya, kata na vijiji mara nyingi, na kila mgawanyo una sababu zake za kiutawala. Kwa mchoraji wa ramani maana yake ni moja. Kulinganisha miaka miwili kunataka mipaka ya aina moja. Ama urudishe takwimu mpya ndani ya mipaka ya zamani, ama uzigawe za zamani kwa mipaka mipya pale ambapo takwimu za kata au kijiji zinaruhusu. Na chini ya ramani useme wazi umefanya lipi.

Majina nayo yana mtego wake. Kompyuta huunganisha jedwali la takwimu na umbo la kata kwa kulinganisha maandishi, herufi kwa herufi. Bariadi ina kata iitwayo Ikungulyabashashi na nyingine iitwayo Nkindwabiye. Karani akikosea herufi moja, kata nzima hubaki nyeupe kwenye ramani, na weupe huo utasomwa na wengi kama sifuri. Ndiyo sababu Ofisi ya Taifa ya Takwimu huvipa mikoa, wilaya na kata namba za utambulisho, na anayetumia namba hizo badala ya majina huepuka nusu ya balaa hili. Nusu iliyobaki ni ya macho. Kata isiyo na takwimu ipewe alama yake, kijivu au mistari, na ufunguo wa ramani useme kwamba hapo hakuna taarifa. Nimeona ramani nyingi, nyingine za taasisi kubwa, ambazo kata isiyo na mgonjwa hata mmoja na kata ambayo fomu yake haikufika makao makuu zina rangi moja. Hilo ni kosa kubwa, na linawaumiza zaidi watu walio mbali na barabara, maana fomu zao ndizo zinazochelewa.

Namba zilezile, sura tofauti

Mwaka 1826 Mfaransa Charles Dupin alichora ramani ya Ufaransa akizipa wilaya zake vivuli, nyeusi zaidi pale ambapo watoto wachache zaidi walikwenda shule. Ramani za kupaka eneo rangi kwa kiwango cha takwimu, ambazo leo tunaziona kila sensa, kila uchaguzi na kila mlipuko wa ugonjwa, zinatoka huko. Ni ramani zenye nguvu. Mtu asiyeweza kusoma jedwali la safu thelathini anazisoma kwa sekunde tano. Nguvu hiyo ndiyo hatari yake.

Chukua hesabu ya watu tu. Sensa ya Agosti 2022 ilipata Watanzania 61,741,120. Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728 na Simiyu 2,140,497. Ramani yoyote ya jumla, iwe ya wagonjwa, ya ajali, ya simu au ya wanafunzi, itaifanya Dar es Salaam kuwa nyeusi tititi, kwa sababu huko ndiko watu waliko. Umechora ramani ya watu bila kujua. Ukitaka kujua wapi ugonjwa umekaza, gawa wagonjwa kwa watu. Ukitaka kujua wapi mkulima wa pamba anavuna vizuri, usitosheke na jumla ya kilo. Simiyu inaongoza nchini kwa pamba, na jumla ya kilo itaonyesha hilo, lakini tija ya ekari moja ni swali jingine lenye ramani yake. Bwana shamba na mkulima wanahitaji ramani hiyo ya pili.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Mashariki ya Simiyu kuna Pori la Akiba la Maswa na sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ukipaka rangi wilaya nzima kwa idadi ya watu kwa kilomita ya mraba, umewatandaza wakulima juu ya mapori ya tembo na nyumbu, na vijiji vinaonekana kuwa na nafasi kuliko vilivyo nayo. Anayetaka kujua ardhi inavyowabana watu aondoe kwanza maeneo ya hifadhi, ndipo agawe. Wasiwasi huu ni wa kweli. Migogoro ya malisho kandokando ya hifadhi inaamuliwa na watu wanaoangalia ramani, na ramani inayoonyesha nafasi isiyokuwepo inampotosha mwamuzi kabla hajasikiliza upande wowote.

Hebu tuzitazame wilaya tano za Simiyu kwa sensa ya 2012. Busega ilikuwa na watu 203,597, Meatu 299,619, Itilima 313,900, Maswa 344,125 na Bariadi pamoja na mji wake 422,916. Mchoraji anataka rangi tatu. Anachagua namba zilizo kamili, zinazopendeza machoni: chini ya 300,000, kati ya 300,000 na 400,000, na zaidi ya 400,000. Matokeo yake Meatu inapakwa rangi moja na Busega, ingawa inaizidi Busega kwa watu 96,022. Inatenganishwa na Itilima ambayo inaizidi Meatu kwa watu 14,281 tu. Meatu ilikosa watu 381 kuingia kundi la kati. Mpaka ukishushwa hadi 250,000, Meatu, Itilima na Maswa zinakaa pamoja kama zilivyo kweli, Busega inabaki peke yake chini na Bariadi peke yake juu. Hakuna namba iliyobadilishwa, lakini mkoa umepata sura nyingine kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka mipaka ya makundi, panga namba kwa mstari mmoja na utazame zinapoachana zenyewe. Usikubali mipaka ambayo programu imekupa bila kuitazama. Na mtu akikuletea ramani inayomfaa sana katika hoja yake, mwombe jedwali.

Kuhusu rangi nitasema machache. Takwimu zinazopanda kutoka kidogo kwenda kingi zinahitaji rangi moja inayokolea, nyepesi kwa kidogo, nzito kwa kingi. Upinde wa mvua haufai, kwa sababu hakuna jicho linalojua kama njano ni zaidi ya kijani. Nyekundu na kijani zikiwekwa pamoja humpoteza asiyezitofautisha, na kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya hao ni karibu asilimia nane. Kwetu kuna sababu nyingine ya kukumbuka. Ramani ya halmashauri ikishuka hadi ofisi ya kata huwa imepitia mashine ya kutoa nakala, na imefika nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani zikitoka kwenye mashine hiyo huwa kijivu kimoja. Rangi inayokolea hatua kwa hatua huvuka salama.

Ziwa moja lililokuwa matatu

Kosa la kuunganisha nukta kwa bidii kupita kiasi lina historia ndefu katika Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1850 wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, wakiwa pwani, waliwauliza wafanyabiashara Waswahili na Waarabu juu ya nchi za bara. Kila njia ya msafara, walisikia, inaishia kwenye maji makubwa. Erhardt alikuwa amekaa Tanga, na habari za njia za kusini na za kati aliziweka pamoja. Ramani yao, iliyochapishwa Ulaya mwaka 1856, ilionyesha ziwa moja refu mno, lililopinda, likijaza katikati ya Afrika Mashariki kutoka karibu na ikweta hadi upande wa Nyasa.

Wafanyabiashara hawakusema uongo. Mmoja alikuwa amefika Ziwa Nyasa, mwingine Tanganyika, mwingine alisikia habari za Nyanza, yaani Ziwa Victoria. Walitoa nukta sahihi za mahali patatu. Kosa lilikuwa la mchoraji aliyejaza rangi ya buluu katika nafasi ambayo hakuna aliyemwambia ina maji. Ramani hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizofanya Richard Burton na John Speke watumwe, na mwaka 1858 Speke akafika kusini mwa Ziwa Victoria. Henry Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875 aliuweka mto Simiyu kwenye ramani yake, mto ambao leo umeupa mkoa jina.

Karne moja na nusu baadaye programu za kompyuta hufanya kazi ya Erhardt kwa kubonyeza mara moja. Unazipa vipimo vya mvua vya vituo vitano, nazo zinakurudishia mkoa mzima uliopakwa buluu laini, kana kwamba kila shamba lilipimwa. Wanajiolojia wamejifunza kujilinda na hilo, na Dutwa yenyewe ni mfano. Vilima vya Wamangola na Ngasamo vina nikeli, na kampuni ya African Eagle ilichoronga huko mashimo ya utafiti. Kwa taratibu za kimataifa za kutoa taarifa za madini, mwamba uliochorongwa kwa mashimo yaliyokaribiana huwekwa daraja moja, uliochorongwa kwa mashimo yaliyo mbalimbali daraja jingine, na unaokisiwa tu daraja la chini kabisa. Mwekezaji haruhusiwi kuuziwa makisio kwa bei ya kipimo. Sioni kwa nini mwanakijiji anayesoma ramani ya malaria au ya ukame astahili ulinzi mdogo kuliko mwekezaji wa nikeli.

Tafiti za afya za kitaifa, kwa mfano, huchukua sampuli ya kaya inayotosha kutoa makadirio ya kila mkoa. Simiyu inapata namba yake moja, na kando yake kuna kiwango cha juu na cha chini ambacho ukweli unaweza kuwamo. Utafiti huo hauwezi kukuambia Dutwa ikoje ikilinganishwa na kata za Sapiwi au Nkololo. Ramani inayopaka kata kwa kata kutokana na utafiti wa namna hiyo imetumia makisio ya kihesabu, na inapaswa kusema hivyo kwa maandishi yanayosomeka, pamoja na ukubwa wa shaka yake.

Kuna ramani ya zamani ya Afrika Mashariki ninayoiheshimu zaidi ya ile ya ziwa refu. Daktari James Christie aliyefanya kazi Zanzibar aliona kipindupindu kikiua watu kisiwani mwaka 1869 na 1870. Mwaka 1876 alichapisha kitabu juu ya milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki kuanzia 1821 hadi 1872, chenye ramani za njia za ugonjwa. Aliwahoji watu wa misafara na manahodha, akaandika nani alitoka wapi na lini, na akaufuata ugonjwa kwenye njia za biashara kupitia Umasaini hadi Pangani na Unguja. Wakati huo ramani ya kipindupindu ya John Snow, ya bomba la mtaa wa Broad, London, ya mwaka 1854, ilikuwa na miaka ishirini na kitu. Snow alikuwa na mtaa mmoja. Christie alikuwa na nusu ya bara, bila takwimu za serikali, na alichora pale tu ambapo kulikuwa na mtu aliyeona.

Nani anaikagua?

Jirani na Simiyu, katika Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, mradi wa Crowd2Map Tanzania ulioanza mwaka 2015 ulikusanya watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi wakachora nyumba na njia za vijijini kutoka kwenye picha za setelaiti, wakaziweka kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Msukumo ulikuwa wasichana wanaokimbia ukeketaji. Waokoaji wa nyumba salama ya Mugumu walihitaji kujua njia ya kijiji usiku, na ramani zilizokuwepo zilionyesha pori tupu. Aliyeko Ulaya aliweza kuchora paa la nyumba. Hakuweza kujua kijiji kinaitwaje, mto gani haupitiki masika, wala ipi ni zahanati na ipi ni ghala. Hayo yaliongezwa na watu wa hapo wakiwa na simu mkononi. Dar es Salaam nako mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka huohuo, ulitumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa mitaa inayofurika kuchora mitaro na nyumba, na wakazi ndio walioonyesha maji hufika wapi.

Huu ndio ukaguzi ambao ramani nyingi za takwimu za Simiyu zinaukosa. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanzishwa mwaka 2019, una ofisi hadi wilayani. Mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani Simiyu unapanga na kujenga kwa kutumia ramani. Sensa ya 2022 ilitumia vishikwambi na maeneo ya kuhesabia watu yaliyochorwa kidijitali nchi nzima. Vifaa vipo na wataalamu wapo. Kinachokosekana ni hatua moja isiyo na gharama kubwa: kuichapa ramani kwenye karatasi kubwa, kuipeleka kwenye mkutano wa kijiji, na kuwauliza waliokuja kama kisima hiki kipo, kama kipo hapa, na kama Oktoba kina maji. Orodha ya Wizara ilikuwa na safu ya wingi wa maji, ikitenganisha vituo vyenye maji ya kutosha, vya msimu na vilivyokauka. Safu hiyo haionekani kwenye ramani nyingi zinazosema kituo kinafanya kazi au hakifanyi, na wanawake wanaochota maji wangeidai dakika ya kwanza.

Nawaomba wanaochora ramani za mkoa huu, wawe ofisini Bariadi, Dodoma au ng'ambo, waandike chini ya kila ramani takwimu ni za mwezi na mwaka gani, nani alizikusanya, zimegawanywa kwa kitu gani na zimechorwa kwa mfumo gani wa upimaji. Nawaomba wahariri wenzangu tusichapishe ramani isiyo na mistari hiyo minne, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Na kwa madiwani na wenyeviti wa vijiji, mkiletewa mpango wa maji uliojengwa juu ya ramani, daini kuiona kwanza na kuitafuta kila pampu mnayoijua. Kata ya Dutwa ina haki ya kuikagua ramani yake kabla bajeti haijapitishwa kwa ramani hiyo.